Injini ikimisi, uliza kwanza silinda

Ndugu msomaji, wiki hii tuzungumze juu ya ugonjwa mmoja ambao karibu kila mwenye gari, kila dereva wa daladala na kila abiria wa basi la mikoani ameusikia kwa masikio yake, ingawa si wengi wanaojua chanzo chake. Injini inaunguruma vizuri, kisha ghafla inaanza kudunda kama mtu anayechechemea. Gari linatikisika hata likiwa limesimama. Ukikanyaga mafuta haliitiki, na likifika mlimani linaachwa na malori. Mafundi wetu husema injini "inamisi". Maana yake ni kwamba ndani ya silinda mojawapo mafuta hayakuwaka, au yamewaka nusunusu, na silinda zilizobaki zinabeba mzigo wa mwenzao.

Najua mtu atauliza: mambo ya gereji yameingiaje katika mazungumzo yetu ya historia? Yameingia kwa sababu historia ya kumisi ni historia ya swali moja tu: je, tunamwuliza mgonjwa anaumwa wapi kabla ya kumnunulia dawa, au tunanunua dawa kwanza? Swali hilo limeigharimu nchi hii fedha nyingi, na si kwenye magari peke yake.

Mahali pazuri pa kulifuatilia ni barabara ya Haneti. Haneti iko kaskazini ya mji wa Dodoma, katika Wilaya ya Chamwino, kwenye njia ya kwenda Kondoa, Babati na Arusha. Wakati wa Waingereza njia hiyo ilikuwa sehemu ya Barabara Kuu ya Kaskazini, ile waliyoota kwamba ingeunganisha Cape na Cairo. Kwa miaka mingi ilikuwa ya udongo, vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, mpaka lami ya Dodoma hadi Babati, kilometa 251, ilipozinduliwa rasmi Aprili 2018. Dereva aliyepita pale zamani hakuwa na gereji karibu wala simu ya kuita msaada. Injini ikimisi katikati ya pori, aliyebaki ni yeye, taniboi wake, na sikio lake.

Turudi nyuma kidogo tuone cheche ilivyoanza. Injini ya petroli inahitaji mambo manne yakutane kwa wakati mmoja: hewa, mafuta, kompresheni ya kutosha, na cheche ya umeme inayoruka katika sekunde yake. Kati ya hayo manne, cheche ndiyo iliyowasumbua zaidi wavumbuzi wa kwanza. Mwaka 1902, Gottlob Honold, mhandisi wa kampuni ya Robert Bosch kule Ujerumani, alitengeneza mashine ndogo ya kuzalisha umeme wa nguvu kubwa pamoja na plagi yake, na tangu hapo magari yakaanza kuaminika. Miaka michache baadaye Mmarekani Charles Kettering akaleta utaratibu wa betri, koili na pointi. Umeme mdogo wa betri unaingia kwenye koili, pointi zinafunguka, na koili inatoa maelfu ya volti kwenda kwenye plagi. Utaratibu huo ulitawala magari ya petroli kwa zaidi ya miaka hamsini. Mwenye umri wa kutosha atakumbuka dereva akisugua pointi kwa msasa kando ya barabara.

Hebu fikiri kazi yenyewe. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, inahitaji cheche 6,000 katika dakika hiyo, yaani cheche 100 kila sekunde. Zikikosekana chache tu, abiria wa kiti cha nyuma anajua.

Gari la kwanza kuvuka bara letu kutoka mashariki hadi magharibi liliondoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907. Mwenye safari alikuwa ofisa wa Kijerumani aliyeitwa Paul Graetz. Alifika Swakopmund, katika nchi tunayoiita leo Namibia, tarehe 1 Mei 1909. Hesabu mwenyewe: siku 630. Barabara hazikuwapo, petroli ilibidi itangulizwe, na spea ilipohitajika ilitoka Ulaya kwa meli. Kwa mtu wa namna hiyo kukisia hakukuwa na nafasi. Ukiagiza kifaa kisichokuwa na kosa, umepoteza miezi.

Basi kutokana na shida hiyo, madereva na makanika wa barabara zetu waliishika njia moja ambayo ni rahisi hata mtoto ataielewa. Injini iliachwa iungurume taratibu. Fundi akachomoa waya wa plagi ya kwanza. Sauti ikibadilika na injini ikazidi kuchechemea, maana yake silinda ile ilikuwa inafanya kazi, na sasa amenyang'anywa mfanyakazi. Akairudisha, akaenda ya pili, ya tatu, ya nne. Alipofika kwenye silinda ambayo ukichomoa waya wake hakuna kinachobadilika, alikuwa amempata mvivu.

Kisha aliitoa plagi akaisoma kama daktari anavyoutazama ulimi. Plagi ya rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa ni ya injini yenye afya. Nyeusi yenye masizi makavu inasema mafuta ni mengi kuliko hewa. Iliyolowa oili inasema ringi zimechoka au valvu zinavujisha. Nyeupe iliyochomeka inasema joto limezidi, pengine hewa ni nyingi kuliko mafuta. Na kwa magari ya dizeli, ambayo hayana plagi za cheche, njia ilikuwa ile ile: alilegeza nati ya bomba la nozeli moja moja, akasikiliza.

Nyanda za kati zilikuwa na somo lao la ziada. Dodoma iko juu ya mita 1,100 hivi kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja katika kumi. Gari lililopimiwa kabureta Dar es Salaam likipanda huku linapata hewa pungufu kwa mafuta yale yale, na plagi zinaanza kuwa nyeusi. Ongeza vumbi la kiangazi kwenye chujio la hewa, utaona kwa nini dereva wa pwani alishangaa gari lake zima kuanza kukohoa ugenini. Hapakuwa na kifaa kibovu. Mahali palikuwa pamebadilika.

Niseme pia neno moja la kazi yangu. Cheche ya plagi na redio ni ndugu wa damu. Mitambo ya kwanza kabisa ya kurusha mawimbi, ile ya akina Hertz na Marconi, ilitumia cheche. Ndiyo maana gari la zamani likipita karibu na redio ya mawimbi ya kati ulisikia "ta-ta-ta-ta" juu ya taarifa ya habari. Watengenezaji wakaweka vizuizi ndani ya plagi na nyaya ili tusikilize kwa amani. Lakini ukelele ule ulikuwa na faida yake: mwenye sikio angeweza kusikia kama cheche zinafuatana sawasawa au kuna pengo.

Sasa tuiache kidogo barabara ya Haneti, turudi Dodoma na kushika njia ya mashariki mpaka Kongwa, maana huko ndiko uwanda wa kati ulikopata darasa lake kubwa la mitambo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 ilituma ujumbe kutazama ardhi ya Tanganyika, na mwaka 1947 mradi wa karanga ukaanza Kongwa. Ilipangwa kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Yaliletwa matrekta yaliyotumika vitani, mengine kutoka Ufilipino, na hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta.

Yaliyotokea yanajulikana. Matrekta yale yalifika yakiwa yamechoka, spea hazikulingana na mahitaji, na waendeshaji wengi walikuwa hawajapata mafunzo ya kutosha. Kabla ya mwaka wa kwanza kwisha sehemu kubwa ya mitambo ilikuwa imelala kwenye karakana. Lakini ugonjwa wenyewe haukuwa kwenye matrekta. Udongo wa Kongwa una mchanga unaokula chuma, na ukikauka unakuwa kama saruji. Mvua zake ni chache na hazina ahadi. Wagogo waliokuwa wakiishi pale walilijua jambo hilo vizazi na vizazi, na hawakuulizwa. Mradi ulifungwa mwaka 1951, na zaidi ya pauni milioni 35 za walipa kodi wa Uingereza zikawa zimekwenda na upepo.

Wakubwa wale walifanya lile lile anafanya mwenye gari asiye na subira: walinunua spea kabla ya kuuliza silinda. Kila kilipokwama kitu waliagiza mashine nyingine kubwa zaidi. Mvua ilikuwa ndiyo silinda isiyowaka, na hakuna trekta linaloweza kutibu mvua.

Hata hivyo Kongwa haikuacha hasara tupu. Vijana wengi wa Kiafrika walishika spana kwa mara ya kwanza katika karakana zile, na mradi ulipokufa walitawanyika na ujuzi wao. Serikali ya wakati huo nayo ikafungua shule ya ufundi Ifunda, Iringa, mwanzoni mwa miaka ya 1950, na nyingine Moshi mwaka 1957. Ufundi ukawa kazi ya heshima.

Ulifika wakati heshima hiyo ikajaribiwa. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 na kupanda kwa bei ya mafuta duniani, nchi ilikosa fedha za kigeni. Plagi mpya ilikuwa mali ya kutafuta kwa mtu unayemjua. Nakumbuka nikiwa mtoto, miaka ya 1980, plagi ikichomwa juu ya jiko la mkaa ili masizi yaungue, ikapigwa brashi na kurudishwa kazini. Fundi wa siku hizo hakuweza kubadilisha kifaa kwa kujaribu bahati, maana cha kubadilishia hakikuwapo. Umaskini ulimlazimisha kupima.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za nje kuingiza bidhaa, na miaka ya 1990 magari yaliyotumika kutoka Japani yakaanza kumiminika. Spea zikajaa madukani. Ni neema, sikatai. Lakini ndipo ilipozaliwa tabia mpya: gari likimisi, badilisha plagi zote, likiendelea, badilisha koili, likiendelea, badilisha pampu. Mteja analipia somo la fundi.

Wakati huo huo mafuta yenyewe yana historia. Yule yule Kettering aliyetupa koili, mwaka 1921 msaidizi wake Thomas Midgley aligundua kwamba risasi ikitiwa kwenye petroli inazuia injini kugonga. Dunia ilitumia petroli ya risasi kwa miongo mingi, na majivu yake yaliziba plagi na, vibaya zaidi, yaliingia katika damu za watoto wetu. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliachana nayo mwanzoni mwa 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, mwaka 2021.

Hapa kwetu kulikuwa na ugonjwa mwingine: wachanganyaji. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo ili mnyonge awashe kibatari chake, na wajanja wakayamimina kwenye petroli na dizeli. Mafuta ya taa hayageuki mvuke kwa wepesi kama petroli. Injini inakuwa ngumu kuwaka, inagonga, inatoa moshi na inamisi katika silinda zote bila mpangilio. Mafundi wakalaumiwa na koili zikanunuliwa, kumbe kosa liko kwenye tangi. EWURA ilianza mpango wa kuyatia mafuta alama mwaka 2010 ili yaliyochanganywa yagundulike, na bajeti ya mwaka 2011/12 ilipandisha sana ushuru wa mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ife. Dawa ilifanya kazi yake, lakini bibi wa kijijini mwenye kibatari naye aliinywa, ingawa hakuwa mgonjwa. Hayo ndiyo matokeo ya ujanja wa wachache.

Tukaingia zama za kompyuta. Kuanzia 1996 kila gari jipya dogo lililouzwa Marekani lilitakiwa kuwa na mfumo mmoja wa kujipima, na nchi nyingine zikafuata. Ndani ya gari kompyuta inahesabu mwendo wa krankishafti. Silinda ikikosa kuwaka, mzunguko unazubaa kidogo sana, na kompyuta inaandika namba. P0300 maana yake kumisi kusikokuwa na mpangilio. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kuendelea. Kwa wengi huo ulikuwa mwisho wa mjadala: mashine imesema.

Hapana. Mashine imesema wapi, haijasema kwa nini. Miaka michache iliyopita, nikielekea Kondoa kikazi, tulisimama Haneti kunywa chai. Chini ya mti palikuwa na gari dogo la abiria limefunguliwa boneti, na dereva kijana amekaa juu ya tairi na uso wa msiba. Gari lake lilipimwa kwa kompyuta mjini, likatoa namba ya silinda ya pili. Akauziwa koili. Likaendelea kumisi. Akaambiwa ile koili ni mbovu, akauziwa ya pili. Hesabu ya tajiri ya siku tatu ilikuwa imekwisha, na tajiri alikuwa anapiga simu.

Fundi wa pale, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, hakuwa na kompyuta. Aliwasha injini akachomoa soketi za nozeli moja moja. Ya kwanza, injini ikalegea. Ya tatu na ya nne, vile vile. Ya pili, kimya.

"Shikamoo mzee, hata mashine ilisema ni ya pili," kijana akalalamika.

"Marahaba mwanangu. Mashine imekuonyesha nyumba. Sasa tubishe hodi tujue ndani anaumwa nani."

Akaihamishia koili ya silinda ya pili kwenye ya tatu, na ya tatu akaileta ya pili. Akapima tena. Aliyenyamaza alikuwa bado yule yule wa pili. Basi koili haina kosa. Akahamisha plagi kwa njia hiyo hiyo. Bado wa pili. Basi plagi haina kosa. Ndipo akachukua kitaa kidogo chenye nyaya mbili, akakigusisha kwenye soketi za nozeli. Kwenye tatu kilipepesa. Kwenye ya pili kilikaa giza. Alifuata waya kwa vidole mpaka nyuma ya injini, akaukuta umetafunwa na panya. Gari lilikuwa likilala kando ya ghala la mahindi. Kipande cha waya, gundi ya umeme, na injini ikaunguruma sawasawa. Malipo yalikuwa chini ya bei ya koili moja.

Ndugu msomaji, njia ile ya kubadilishana vifaa ndani ya injini yenyewe haihitaji diploma. Ukikihamisha kifaa na ugonjwa ukahama nacho, umempata mhalifu. Ugonjwa ukibaki, kifaa hicho hakina hatia, na usikubali kukinunua.

Nitoe tahadhari, maana elimu ya jana ikitumiwa leo bila kufikiri inaua. Kwenye magari ya sasa usichomoe waya wa cheche injini ikiwaka: umeme wake ni mkali, unaweza kuunguza koili, na petroli isiyowaka inakwenda kuchoma kichujio cha moshi kwenye ekzosi. Chomoa soketi ya nozeli badala yake. Kwenye dizeli za kisasa zenye bomba moja la msukumo mkubwa usilegeze nati yoyote. Mafuta yale hukaa katika msukumo unaoweza kupenya ngozi ya mkono. Na taa ya injini ikipepesa wakati unaendesha, punguza mwendo, tafuta mahali salama usimame. Gari linalomisi wakati wa kulipita lori ni jambo la kaburi, si la gereji tena.

Kwa wenye magari nasema: ukifika kwa fundi usimwulize kwanza "bei gani?" Mwulize "umejuaje?" Fundi wa kweli atafurahi kukueleza, na wa kubahatisha atakasirika. Kwa vijana mlioko VETA na chini ya miti nasema: kompyuta ya kupimia ni chombo kizuri, inunueni mkiweza, lakini isiwapokonye masikio. Na kwa wakubwa wetu wanaopanga miradi mikubwa, Kongwa haiko mbali. Itembeleeni.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Fundi wa Haneti angeongeza kwamba kutouliza ni gharama. Hadi wiki ijayo, nawatakia safari njema.